Nyuzi Tatu Zinatosha Kuanzia

Mzazi akiuliza mtoto wake atajifunzaje gitaa, majibu anayopewa humrudisha nyumbani mikono mitupu. Ataambiwa anunue gitaa la bei kubwa, amtafutie mwalimu wa peke yake, amsomeshe nota kwanza, amngoje vidole virefuke. Mwalimu wa kwaya anaambiwa hivyo hivyo, na mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kuanzisha klabu ya muziki pia. Wanaoyasema haya wana nia njema, na wengi wao wanapiga vizuri. Lakini sehemu kubwa ya wanayosema si kweli, na imewafungia nje watu ambao leo wangekuwa wapigaji. Nayajibu moja baada ya jingine.

Dai linalosikika zaidi ni hili: “Gitaa la bei rahisi humharibu mwanafunzi, bora asianze mpaka apate la maana.” Lina chembe ya ukweli. Yapo magitaa ya kuchezea watoto ambayo freti zake, yaani vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, zimepigwa kwa kukisia. Hayo hayatyuniki na hakuna fundi wa kuyaokoa. Lakini gitaa la kawaida la wanaoanza, jipya la bei ya chini au la mtumba, kwa kawaida halina kasoro hiyo. Linachokosa ni kuandaliwa. Limetoka kiwandani nyuzi zikiwa zimeinuka mno, aliyelinunua akaumia vidole, akalitupa juu ya kabati.

Kabla ya kulipa, fanya haya. Inua gitaa utazame shingo kutoka kichwani kwenda chini, kama seremala anavyokagua mbao. Ikipinda waziwazi, lirudishe. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12 upige tena: lazima isikike sauti ile ile, oktavu moja juu. Ikipishana sana, usinunue, hata likiwa linang'aa namna gani. Zungusha vifungo vyote sita vya kukazia nyuzi, uhakikishe hakuna kinachoteleza. Sasa bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, uangalie nafasi iliyobaki juu ya freti ya 1. Inapaswa kupita karatasi tu. Ikiwa pana, mifereji ya kile kipande cheupe kilichopo shingo inapokutana na kichwa haijachimbwa vya kutosha, na fundi mwenye tupa nyembamba ataishusha kidogo kidogo. Mwisho weka rula kwenye freti ya 12. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, uzi mwembamba ukae kama milimita 2 juu ya freti. Kwa la nailoni, kama milimita 3. Ukizidi hapo, chomoa kipande cheupe cha darajani, ukisugue upande wa chini kwa msasa. Kila milimita 1 unayoondoa pale inashusha uzi nusu milimita kwenye freti ya 12, kwa hiyo nenda polepole, pima kila mara.

Kazi yote hiyo haizidi mchana mmoja, na msasa hauna bei. Nimeona magitaa yaliyodharauliwa yakigeuka kuwa mepesi kushika kuliko ya bei mara tatu yake ambayo hayakuguswa na fundi. Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza ya klabu yoyote iende kwa mtu anayejua kuandaa magitaa, na klabu ijifunze kwake.

Linalofuata linatamkwa kwa fahari: “Vidole visipouma hujajifunza.” Hapana. Ngozi ya ncha za vidole huwa ngumu baada ya wiki chache, hilo halikwepeki, lakini maumivu mengi ya wanaoanza yanatokana na nyuzi nene, nyuzi zilizoinuka na kidole kukaa mahali pasipo pake. Kidole kikae nyuma tu ya freti, karibu nayo kabisa. Kikirudi katikati ya nafasi, utabonyeza kwa nguvu zaidi upate sauti mbaya zaidi. Nyuzi za chuma zikiwa kali, zishushe zote sauti nzima moja. Mvuto wake utapungua kwa karibu asilimia 20, tofauti ambayo vidole vinaitambua papo hapo. Anayetaka kuimba na wenzake kwa sauti ya kawaida afunge kapo, kile kibanio kinachobonyeza nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya 2, na asiyekuwa na kapo alaze penseli juu ya nyuzi aifunge kwa mipira miwili mitatu ya kubania karatasi. Inashika.

Hapa niweke onyo, kwa sababu kosa hili linaua magitaa mengi mazuri. Usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Seti ya nailoni inavuta kwa uzito wa kilo 40 hivi. Seti ya chuma iliyo nyepesi inafika 70. Daraja litang'oka au shingo itapinda, na klabu itabaki na kuni.

Kuna watu wanaokwenda upande wa pili kabisa. Wao husema: “Mwenye kipaji hahitaji gitaa. Franco alianza na kopo.” Ni kweli, mpiga gitaa Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa 1938 na kukulia Léopoldville, Kinshasa ya leo, alijiundia gitaa la kubahatisha akiwa mtoto, akilipiga kwenye meza ya biashara ya mama yake sokoni. Lakini wanaoisimulia habari hii huikata katikati. Baada ya kopo alimpata Paul Ebengo Dewayon, aliyekuwa na gitaa halisi na moyo wa kumfundisha. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, tayari alikuwa anarekodi katika studio ya Loningisa. Kopo lilimpa mdundo na hamu. Vidole vyake vilijengwa kwenye gitaa lenye freti zilizopangwa sawasawa, mbele ya mtu aliyemwonyesha. Kumwambia mtoto maskini kwamba kopo linamtosha ni kumnyima kile ambacho Franco mwenyewe alipewa.

Hata hivyo chombo cha kuundwa nyumbani kinaweza kuwa chombo kamili, kikipimwa. Siri ya freti iko kwenye hesabu moja tu: chukua urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani, ugawanye kwa 17.817, jibu ndilo umbali wa freti ya 1. Toa umbali huo kwenye urefu, gawanya tena kilichobaki kwa namba ile ile, upate nafasi inayofuata. Kwa uzi wa milimita 650, freti ya 1 inakaa milimita 36.5 kutoka mwanzo, ya 2 inaongeza 34.4, na ukifika ya 12 umesimama nusu kamili ya uzi, milimita 325. Usipofika nusu, umekosea njiani. Mwanafunzi wa sekondari mwenye rula, kikokotoo na msumeno mdogo, akisimamiwa na fundi seremala, anaweza kutengeneza shingo inayoimba sawasawa, akaifunga kwenye sanduku la mbao nyembamba na nyuzi tatu. Somo la hesabu na somo la muziki vinakutana hapo bila kulazimishwa.

Sasa nafika kwenye dai ninaloliona kuwa na madhara kuliko mengine: “Huwezi kufundisha gitaa kwa mtu asiyejua nota.”

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alimrekodi Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, huko Katanga. Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, gumba likishika besi na shahada ikitembeza sauti ya juu, na aliimba kwa Kiswahili. “Masanga” yake imewashughulisha wapigaji hadi leo. Mwaka 1961 na 1962, yaani miaka kumi hivi baadaye, ndipo mtaalamu David Rycroft alipochapisha uchambuzi wa upigaji huo, akiwa ameuandika kwa nota. Wanaosema nota lazima zitangulie wanapaswa kueleza jinsi Mwenda alivyofika pale.

Mimi siko kinyume na nota. Anayetaka kusomea muziki chuoni atazihitaji, na atazipata. Ninachokataa ni kuziweka mlangoni kama bawabu, hasa kwa watu ambao tayari wanasoma muziki kwa njia nyingine. Tazama kwaya zetu. Katika makanisa ya Tanzania na Kenya wapo maelfu ya waimbaji wanaoimba sauti nne kwa kusoma solfa, ule mfumo wa do, re, mi ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 akiijengea kazi ya Sarah Glover, na ambao wamisionari waliuleta huku. Mama anayeimba sauti ya pili, ambaye hajawahi kugusa gitaa, anajua fa inakaa wapi na ti inataka kwenda wapi. Maarifa hayo ni nusu ya safari, na mwalimu anayempokea kama mtu asiyejua lolote anaitupa.

Anza naye hivi. Sahau kwa muda nyuzi tatu nene. Uzi wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, ukiwa wazi ni G, uite do. Freti yake ya 2 ni re. Uzi wa pili ukiwa wazi ni mi, freti ya 1 ni fa, freti ya 3 ni so. Uzi wa kwanza ukiwa wazi ni la, freti ya 2 ni ti, ya 3 ni do ya juu. Ngazi nzima imelala ndani ya freti tatu, na mwimbaji wa kwaya ataipata siku ya kwanza kwa sababu sikio lake litamwambia palipo na kosa kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Kisha kordi. Bonyeza uzi wa kwanza kwenye freti ya 3 na upige zote tatu: do, mi, do. Hiyo ni G, kwa kidole kimoja. Achia, bonyeza uzi wa pili kwenye freti ya 1: do, fa, la. Hiyo ni C, kidole kimoja tena. Ya tatu inadai vidole vitatu: uzi wa tatu freti ya 2, wa pili freti ya 1, wa kwanza freti ya 2, nawe umepata re, fa, ti. Hiyo ni D7 isiyo na besi, na wanaume wa kwaya wakiimba so chini yake inakamilika. Waambie wanafunzi wagawane sauti hizo waimbe bila gitaa kabla ya kupiga. Wa chini ataimba do, do, re. Wa kati mi, fa, fa. Wa juu do, la, ti. Wakirudi kwenye gitaa hawakariri tena picha za vidole. Wanapiga kitu walichokwisha kukiimba. Pambio nyingi na nyimbo nyingi za dansi zinazunguka ndani ya kordi hizi tatu, kwa hiyo wiki ya pili mtu anaweza kuusindikiza wimbo mzima. Nyuzi nene anaongezewa baadaye, moja moja, uzi wa nne kwanza.

Njia hii ina faida nyingine isiyotajwa sana: gitaa lililokatika uzi wa sita au wa tano bado linafundisha. Klabu isiyo na fedha inanunua nyuzi nyembamba tu, na katika duka linalouza uzi mmoja mmoja hilo si jambo kubwa.

“Watoto wadogo wasubiri.” Kwa nini wasubiri? Kinachowashinda ni upana wa nafasi, na nafasi zinapungua kadiri unavyopanda shingo. Kwenye gitaa la milimita 650, nafasi ya kwanza ina milimita 36.5. Funga kapo kwenye freti ya 5, na nafasi inayofuata ina milimita 27 tu. Jambo zuri ni kwamba nyuzi nne nyembamba za gitaa lililofungwa kapo hapo zinatoa G, C, E na A, nyuzi zile zile za ukulele, ila kwenye ukulele wa kawaida G hupandishwa oktavu. Mtoto atakayeanza hivyo atahamia ukulele au gitaa kubwa akiwa na maumbo yale yale ya vidole. Na ukulele wenyewe, wenye nyuzi nne za nailoni zisizokata ngozi, ulikwisha kuthibitishwa darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 J. Chalmers Doane aliufanya kuwa chombo cha kufundishia muziki katika shule za Halifax, Kanada, akabuni hata ukulele wa pembetatu ulio rahisi kuunda, na mpango wake ukaenea nchini kwao. Watoto wale walikuwa wakiimba, wakipiga na kusoma muziki kwa wakati mmoja.

Kuhusu anayetumia mkono wa kushoto, kwamba lazima anunuliwe gitaa maalumu: wengi wao hujifunza kwenye gitaa la kawaida bila shida, kwani mikono yote miwili ina kazi. Elizabeth Cotten wa Marekani aligeuza tu gitaa la mkono wa kulia bila kubadilisha nyuzi, akapiga besi kwa vidole na sauti ya juu kwa gumba, na ulimwengu ukamsikiliza.

Siku hizi kuna dai jipya, na vijana ndio wanaolibeba: “Mwalimu wa nini? Kila kitu kiko kwenye simu bure.” Video si bure kwa anayenunua bando kila asubuhi. Na hata zingekuwa bure, video haioni. Haioni gumba la kushoto lililong'ang'ania juu ya shingo, bega lililopanda, wala mdundo unaokimbia mbele ya wimbo. Makosa hayo matatu huanza mapema, na yakikaa miezi sita huchukua mwaka kuyaondoa. Simu ina kazi moja nzuri ya kila siku nayo ni kutyuni, na programu kadhaa za kutyuni hufanya kazi bila intaneti.

Ila mwanafunzi asiifanye simu kuwa sikio lake. Mfundishe njia ya zamani: freti ya 5 ya uzi wa sita ni sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi, ya 5 ya wa tano ni ya wa nne, ya 5 ya wa nne ni ya wa tatu, hapo inabadilika, freti ya 4 ya uzi wa tatu ndiyo ya wa pili, kisha ya 5 ya wa pili ni ya wa kwanza. Na kwenye uzi wa kwanza, freti ya 5 ni A ya hezi 440, ile inayotolewa na uma wa kutyunia. Mwenye uma huo mfukoni hahitaji betri.

Limebaki suala la watu wangapi kwa mwalimu mmoja. “Gitaa halifundishwi kwa kundi, hasa kama magitaa hayatoshi.” Anayesema hivi anafikiri asiyeshika gitaa hana la kufanya. Katika omutibo, mtindo wa magharibi ya Kenya ambao George Mukabi aliupatia umaarufu kabla ya kufariki 1963, gitaa halikuachwa peke yake: chupa ya soda ilishika mdundo. Tumia hekima hiyo hiyo. Wanafunzi 8 na magitaa 3 ni kundi zuri. Watatu wanapiga, wawili wanashika chupa au makofi, watatu wanaimba sauti za kordi kwa solfa, na kila dakika tano wanabadilishana. Anayengoja zamu anajifunza mabadiliko ya kordi kwa sikio, na zamu yake ikifika vidole vinajua pa kwenda. Zaidi ya hapo, vidole vya anayeanza havihimili nusu saa mfululizo. Dakika tano tano zenye mapumziko zinamfaa zaidi. Kazi inayobaki ya nyumbani ni kidogo: dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kwa wanaogawana gitaa la mtaa.

Na msinisikie nikisema kwamba urahisi huu utoke mfukoni mwa mwalimu. Nimewasikia viongozi wa vikundi wakisema muziki ni kipaji, kwa hiyo afundishe kwa moyo. Mwalimu anayelipwa kwa shukrani huondoka, na darasa humfuata. Kundi ndilo linalotatua jambo hili bila kumwonea mtu. Tuseme kila mmoja wa wale 8 analeta shilingi 3,000 kwa somo: mzazi ametoa kiasi anachokiweza, na mwalimu amepata 24,000 kwa saa yake. Klabu ikikubaliana kwamba 2,000 kati ya hizo ziende kwenye kopo la nyuzi, mwalimu anabaki na 22,000, na uzi wa kwanza ukikatika, kama ulivyo na tabia ya kukatika, wa kuubadilisha upo tayari.